Kibali cha bonanza la kikapu uwanja wa wazi Dar: barua ya mtaa inatosha?

Mdau wa Leicester (kwa sasa niko Dar)
Shikamooni wakubwa. Nimekuja likizo na mipira saba na nyavu nne kwa ajili ya vijana wa uwanja niliokulia. Jumamosi nataka tufanye bonanza dogo la watatu kwa watatu, bila kiingilio. Leo nimefika ofisi inayohusika, dirishani nikaambiwa nilete barua ya serikali ya mtaa na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ndipo nitolewe namba ya malipo. NIDA sina, natembelea pasi ya Uingereza na viza ya matembezi. Wakaongeza kwamba huenda nikahitaji CTA, kile kibali cha Uhamiaji cha mgeni anayefanya kazi ya muda mfupi. Mwenyekiti wa mtaa yuko tayari kuniandikia. Je, barua yake peke yake inatosha?

Kaka wa Houston
Marahaba mdogo wangu. Mimi 2022 nilifunga ringi mbili mpya pale tulipokuwa tunacheza, fundi wa kuchomelea nilimpata Gerezani, na hakuna aliyeniuliza karatasi. Uwanja wa wazi ni wa watu. Unafika saa kumi na moja jua likipoa, unauliza nani anafuata, unahesabiwa. Mshindi anabaki, aliyefungwa anatoka. CTA ya nini?

Dada wa Upanga, Toronto
Kaka, usimpotoshe. Wewe ulifunga ringi, yeye anakusanya watu, ni mambo mawili tofauti. Na CTA ni ya anayekuja kufanya kazi ya muda mfupi, si ya mtu anayegawa mipira bure.

Halafu kuhesabiwa hakuji hivi hivi. Mimi pale Don Bosco Upanga nilikaa ukingoni wiki nzima nikiwarudishia mpira unaotoka nje, msichana peke yangu. Siku timu moja ilipopungua mtu, wakaniita. Faulo ulikuwa unaita mwenyewe. Wakibisha, unarusha kutoka juu ya duara, ukiingia faulo ni yako na mjadala umekwisha. Adhana ya Magharibi ikilia wengine wanakwenda kuswali, wanabaki wawili watatu wanaotupia gizani kwa kusikiliza mlio wa ringi. Nje muuza machungwa anamenya ganda zima bila kulikata, anaondoa kofia, anapaka chumvi na pilipili. Machungwa ya huku nanunua kila wiki, na kila wiki naukumbuka mkono wa yule baba.

Mzee wa Minneapolis
Wanangu, tatizo si barua, ni uraia. Wakenya wameruhusiwa uraia pacha tangu Katiba yao ya 2010. Sisi bado tumeshikiliwa na Sheria ya Uraia ya 1995. Mtoto wa Dar anarudi na mipira mkononi, anatazamwa kama mgeni. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, na timu ya Memphis, tulishangilia wote, wa ndani na wa nje.

Kaka wa Houston
Shikamoo mzee. Siasa tuiache. Ila umemtaja Hasheem: alianza kikapu akiwa na miaka 15. Ndiyo maana viwanja hivi visifungwe kwa makaratasi. Kijana wa umri huo hana klabu wala kocha, ana kandambili na muda wa jioni.

Dada wa Upanga, Toronto
Hapo nakuunga mkono. Lakini kibali cha bonanza bado umekosea kukifanya jambo dogo.

Mdau wa Leicester
Nawashukuru wote. Nimetoka uwanjani sasa hivi. Ringi ya upande wa barabarani imeinama mbele, vijana wameshaizoea, wanapiga kwa ubao tu. Timu nne zilikuwa nje zinasubiri. Dirisha linafunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Kuna yeyote aliyewahi kupeleka barua ya mwenyekiti tu, ikapokelewa?

Kaka wa Houston
Nyavu ulizobeba ni za kamba au za mnyororo? Za mnyororo upepo wa bahari utazila kutu.

Mdau wa Leicester
Za kamba.