Tupeane uzoefu: Gemu za zamani kwenye Raspberry Pi, wana Tanga mmefikia wapi?

Wakuu, salamu kutoka Chumbageni. Nimeweka RetroPie, mfumo wa kuchezea gemu za zamani, kwenye Raspberry Pi 3, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, ili wanangu wacheze gemu tulizokuwa tukilipia kibandani Ngamiani, kina Tekken 3 na Super Mario. Watu hubishana ipi bora kati ya RetroPie na mifumo mingine kama Batocera au Recalbox; kwangu zote zinafaa. Kinachosumbua ni umeme. Nyie mnafanyaje?

Wa Makorora: Mkuu, anza na chaja. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, chaja nyingi za simu hazifiki hapo. Ukiona alama ya radi ya njano juu kulia mwa skrini, volti zimeshuka chini ya 4.63, na gemu itasuasua. Tena usiilaumu chaja haraka, kagua waya kwanza. Mimi niliweka mfupi na mnene, radi ikatoweka.

Wa Raskazone: Hilo la umeme kukatika limemliza binti yangu. Alikuwa amesevu ndani ya gemu ya Super Nintendo, umeme ukaenda, uliporudi hakuna kitu. Nikachimba mpaka nikaelewa: RetroArch, programu inayoendesha gemu ndani ya RetroPie, hushikilia ile sevu kwenye RAM (kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika), inaiandika kwenye kadi ya kumbukumbu pale unapotoka kwenye gemu kwa Select na Start. Umeme ukikatika kabla hujatoka, imekwenda. Dawa ipo kwenye mipangilio ya RetroArch, panaitwa SaveRAM Autosave Interval, kwa kawaida pamezimwa. Nimeweka sekunde 60, sasa umeme ukikatika anapoteza dakika moja tu. Na jamani, wekeni nakala ya kadi nzima kwenye kompyuta, maana umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, hata mfumo wenyewe unaweza kugoma kuwaka.

Wa Pongwe: Wenye TV za chogo, picha ikija bila rangi kwenye Pi 3, fungueni faili la mipangilio la config.txt lililo kwenye kadi muweke sdtv_mode=2. Bila hivyo Pi hutoa picha kwa mfumo wa NTSC, TV zetu ni za mfumo wa PAL. Raha yake ni kubwa, gemu hizi zilitengenezwa kwa TV hizo.

Wa Chumbageni: Wa Raskazone, ubarikiwe, naenda kuiwasha hiyo sasa hivi. Gemu za Nintendo 64 je? Kwangu nyingi zinakwama.

Wa Makorora: Pi 3 haiziwezi zote, ndugu yangu. Pi 4 inajitahidi zaidi, ila ifungie feni. Ikifika nyuzi 80 inajipunguza kasi yenyewe, na joto letu la Februari unalijua.