Mrejesho: yule paka wangu aliyekuwa hakojoi

Haya jamani mlokuwa mwaniuliza, Simba yuko hai alhamdulillahi. Kwa ambao hamkuona, niliuliza kuhusu paka wangu dume, kila saa yuko kwenye mchanga wake anachuchumaa analia hatoi kitu, wengine mkanambia ni choo kigumu nimpe mafuta, mwengine akasema nimpe panadol. Panadol kwa paka ni sumu, hata kidonge kimoja chamuua, tafadhalini msimwambie mtu tena.

Nikamtia kwenye kikapu, tuktuk mpaka Nyali kwa daktari wa wanyama. Akamminya tumbo kidogo, akanishikisha na mimi, kibofu kigumu kama ndimu mbichi. Mkojo umeziba, madume ndo hupatwa sana maana njia yao nyembamba, na akiachwa siku moja mbili hivo figo zafeli, madini ya potasiamu yapanda kwa damu, moyo wasimama. Akamdunga ya usingizi akamtia mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, ukatoka mkojo mwekundu na vichangachanga. Akalazwa na dripu. Bili sisemi, mume wangu atasoma hapa.

Sasa ni chakula cha mkebe badala ya kile kikavu, na maji kwa wingi, ila ya bakuli hayataki, ataka ya ndoo ya bafuni tu. Dada uloandika nimkimbize leo leo, Mungu akuweke. Daktari asema yaweza kurudi, kwa hivo kila asubuhi nakagua mchanga kama una madonge ya mkojo, nikikuta mkavu twarudi Nyali.