Albamu ya kwanza ya bendi ya metali: turekodi upya au tutengeneze miksi?

Malindi_Miksi:
Assalaam aleikum jamani, naomba ushauri. Vijana wa metali hapa Malindi wameniletea albamu yao ya kwanza, nyimbo 8, bado haijatoka. Utunzi ni mzuri kweli: rifu nzito (vipande vya gitaa vinavyojirudia), mpiga ngoma hatetereki, mwimbaji ananguruma na maneno bado yanasikika. Tatizo ni sauti. Magitaa yanavuma tu, besi imemezwa, na kiki (ngoma kubwa ya mguu) inalia kama katoni tupu. Miksi yote nimeibana kwa limita (inayozuia sauti kuvuka kiwango), na masikio yanachoka upesi. Gitaa lilipigwa mara moja, faili likanakiliwa, moja kushoto moja kulia. Wanashusha gitaa hadi dropu C (uzi mnene kabisa unalia C, chini kuliko kawaida) kwa nyuzi za 10-46 (unene wa uzi mwembamba na wa mnene, kwa maelfu ya inchi). Ngoma zilichukuliwa kwa maiki 4, chumba cha mawe, sakafu ya simiti. Pesa ya kurudia yote hakuna. Nianzie wapi?

Fundi wa Nyuzi:
Anzia kwenye magitaa, ndugu yangu, na hayo yarudiwe. Faili moja likinakiliwa pande zote mbili, sikio linalisikia katikati. Hakuna upana wowote. Rifu ipigwe mara mbili kwa mkono, kila pigo na upande wake. Gaini (nguvu inayotia mkwaruzo) ipunguzwe kuliko ile inayopendeza gitaa likiwa peke yake, maana mikwaruzo miwili ikikutana hujazana na makali ya pigo hupotea.

Nyuzi za 10-46 kwenye dropu C zimelegea mno. Ukizichapa kwa nguvu sauti hupanda kwanza, halafu hushuka, na mapigo mawili hayatakubaliana kamwe. Tieni 11-54 au 12-56. Kisha linganisheni: noti ya freti ya 12 (kipande cha chuma shingoni) ikiwa juu kuliko hamoniki ya hapo hapo (mlio wa uzi ukiguswa tu bila kubanwa), kidaraja cha uzi huo (kiegemeo chake mwilini mwa gitaa) kirudishwe nyuma, mbali na shingo. Nyuzi ziwe mpya, zipanguswe kila baada ya kupiga. Hewa ya chumvi ya huko haizisamehi. Tyuni kabla ya kila teki (kila mara mnaporekodi).

Besi_Kwanza:
Besi ilirekodiwaje?

Malindi_Miksi:
Kwa waya moja kwa moja, safi.

Besi_Kwanza:
Basi umepona. Nakili traki: ya kwanza ibaki safi, kata kila kitu juu ya Hz 200 (Hz ndogo ni sauti nene, kubwa ni nyembamba), ibane kwa kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo). Ya pili itie mkwaruzo, kata chini ya Hz 200. Hiyo ndiyo itakayosikika kwenye simu. Magitaa nayo yakatwe chini ya Hz 80 hadi 100, na upunguze kidogo karibu na Hz 250. Usiipuuze besi: albamu ya *...And Justice for All* ya bendi ya Metallica ilitoka 1988, na mpaka leo watu wanailalamikia kwa kuwa besi haisikiki.

Kiki na Toazi:
Mimi ningebadilisha ngoma zote kwa sampuli (milio ya ngoma iliyorekodiwa tayari).

Fundi wa Nyuzi:
Hapana, shekhe. Toazi zimeingia kwenye kila maiki, na mpigaji ni mzuri. Ukimfuta umeua nusu ya albamu. Weka sampuli ya kiki chini ya ile halisi, usiifute. Punguza Hz 400, ongeza kati ya kHz 3 na 5 upate ukali wa pigo. Kabla ya hapo geuza poleriti (mwelekeo wa wimbi la sauti) ya maiki ya kiki usikilize: upande wenye uzito zaidi ndio sahihi. Maiki za juu ya ngoma zikate chini ya Hz 300, mwangwi wa mawe utapungua. Hautaisha.

Besi_Kwanza:
Na limita ya mwisho iondoe kabisa unapomiksi. Kilele kiishie karibu na dB -6, faili la WAV la biti 24. Masikio yanachoka kwa sababu pigo limebanwa, na Spotify kwa kawaida huteremsha sauti hadi LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kubana kote huko hakukupi faida.

Malindi_Miksi:
Shukran sana. Sauti ya mwimbaji je?

Fundi wa Nyuzi:
Iache ilivyo. Mkirudia magitaa zimeni feni, na mpiga gitaa ageuke polepole mpaka mvumo wa umeme upungue, abaki hapo hapo mpaka wimbo uishe.