Unakoishi ndiko kunakoamua kama utawinda: tupeane uzoefu, hasa wa Kanda ya Kati

Mwana wa Nala

Wakuu, mbukwenyi.

Babu yangu alikaa upande wa Bahi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 digidigi kwake alikuwa kama kuku wa jirani. Unamkuta asubuhi pembeni ya shamba la uwele, anakutazama, anapiga ule mluzi wake wa pua, anatokomea kichakani. Babu alikuwa na gobore ambalo kitako chake kimefungwa waya. Sikuwahi kumwona akifunga safari ya kwenda kuwinda. Alitoka baada ya chai, akarudi kabla jua halijawa kali.

Mimi mjukuu wake naishi Nala, ndani ya Jiji. Nilipojenga mwaka 2009 fisi walilia usiku hadi mke wangu akataka turudi kupanga Majengo. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kweli kweli mwaka 2016, pori lililokuwa nyuma ya nyumba limepimwa viwanja, na fisi nao wamehama bila barua ya uhamisho. Nina miaka 51. Nataka kuwinda swala pala mmoja, kwa leseni halali, kabla magoti hayajakataa. Nikikaa chini kuhesabu: silaha sina, mnyama hayupo, na pori lenye mnyama liko Manyoni kwenda mbele, zaidi ya kilomita 120. Mwenzangu wa ofisini aliyezaliwa Itigi ananicheka, anasema kwao swala anakatiza mbele ya bodaboda. Nikimuuliza kama amewahi kumla, anabadilisha mada.

Kwa hiyo nauliza. Pale unapoishi au ulipokulia pamekupa nafasi gani ya kuwinda, au pamekunyima nini? Habari za kuambiwa sitaki. Na za ujangili wa wiki iliyopita msilete, tusije tukaitwa wote kuandika maelezo.

Kisasa Ndogo

Naweka kigoda. Mnyama wangu wa mwisho kumwona hai ni paka.

Mzee wa Doria

Nimestaafu uaskari wa wanyamapori. Miaka yangu mingi niliimalizia upande wa Manyoni, kwa hiyo huyo mwenzako wa Itigi namwelewa, na hata kubadilisha mada kwake nakuelewa.

Kwanza ujue kwa nini mnyama yuko kule na si Chamwino. Watu wa kule si wapole kuliko nyinyi. Ni mbung'o. Pale ng'ombe alipokufa kwa ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, mfugaji hakukaa, na mfugaji asipokaa, jembe nalo linachelewa, mnyama akabaki na nchi yake. Ongeza vile vichaka vya Itigi, miti imeshonana kiasi kwamba mwenzako akiwa hatua tano mbele humwoni, unasikia tu kikohozi. Ukipita hapo unaingia ukanda wa mapori ya akiba ya Muhesi, Kizigo na Rungwa mpaka ushikane na Hifadhi ya Ruaha. Hilo ni pori ndugu yangu, si hayo mapori yenu ya kukata kuni.

Ila sasa sikiliza. Kuishi karibu na mnyama si kuwa na haki naye. Kwa Sheria ya Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, kila mnyama ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, awe porini au awe amelala kwenye choroko zako. Kuna mzee mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa kama kilomita mbili kutoka kwenye bikoni ya hifadhi. Swala walimmalizia kunde misimu miwili mfululizo. Halafu siku moja likaja gari, watu wana leseni zao, kila kitu kiko sawa, wakampiga swala dume eneo la wazi, si mbali na shamba lake. Alinifuata kituoni. Akaniambia, "Afande, mnyama amekula kwangu, amelala kwangu, halafu anakufa kwa mtu wa Dar?" Nikamweleza sheria, nikamweleza kwamba hata yeye anaweza kuomba leseni. Akaniuliza bunduki ataitoa wapi. Jibu zuri sikuwa nalo siku ile, na sina mpaka leo.

Mwana wa Nala, wewe una nafuu kuliko yule mzee, ingawa unaishi kwenye lami. Anza na silaha, maana ndiyo inayochukua muda: serikali ya mtaa, kata, polisi, kamati ya usalama ya wilaya. Ukishapata, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya unayotaka kuwinda, uulize mgao wa msimu. Msimu unafunguliwa Julai. Usiku haturuhusu, kupiga ukiwa ndani ya gari haturuhusu, jike lenye mimba na ndama usiguse. Nasema "haturuhusu" kwa mazoea tu, nimeshastaafu.

Binti Farkwa

Shikamoo Mzee wa Doria. Nakuamkia kwa heshima ingawa nyinyi ndio mlinipotezea mjomba kwa miaka kadhaa.

Mimi ni Msandawe wa Farkwa, sasa iko Wilaya ya Chemba, zamani sote tulikuwa Kondoa. Baba alikuwa na upinde mrefu kumzidi mama, na podo la mishale lilining'inia darini ambako watoto hatukuruhusiwa hata kuelekeza kidole, kwa sababu ya sumu. Kwetu nyama haikuitwa nyamapori. Iliitwa nyama. Ya ng'ombe ndiyo iliyohitaji maelezo.

Nilichojifunza kwa baba ni kwamba mahali haina maana ya kijiji tu. Ni hata mwezi. Masika maji yako kila korongo, mnyama ametawanyika, unatembea siku nzima unarudi na asali. Kiangazi, Septemba, Oktoba, maji yamebaki sehemu mbili tatu, hapo mtu anayejua zile sehemu hahangaiki. Baba alizijua. Kijana wa kijiji cha pili, mwenye miguu na macho mazuri kuliko yake, hakuzijua, akarudi mikono mitupu.

Sasa mipaka ikaja, mashamba ya ufuta na alizeti yakaja, mkaa ukaja. Mjomba hakuhama, wala hakubadilisha njia aliyopita tangu ujana wake. Akakutwa na mguu wa mnyama pofu. Nyara za Serikali. Baba yeye upinde aliutundika, akawa mtu wa mizinga ya nyuki, na nadhani hakuwahi kuwa na furaha tena kiangazi.

Nikipita Kolo, kule Kondoa, huwa nacheka kidogo. Ile michoro ya miambani iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu wanalipa kiingilio kuangalia pofu na twiga na watu wembamba wenye pinde. Naangalia pamoja nao. Kichwani namwona mjomba.

Mzee wa Doria

Marahaba mwanangu. Pole kwa mjomba. Sitajitetea.

Kondoa Houston

Salaam kutoka Marekani. Nimezaliwa Kondoa mjini, niko Texas mwaka wa kumi na moja sasa, na mada hii imenigusa kwa sababu huku nimewinda, nyumbani sikuwahi.

Huku mnyama mkuu ni yule wa pembe za matawi. Nitamwita kulungu ili tuelewane, ingawa si kulungu wetu wa makorongoni: huyu pembe zake zinadondoka kila mwaka, anaota nyingine. Mwenzangu wa kazini alinialika. Nikadhani tutachukua bunduki twende porini. Nikaambiwa subiri, umeishi jimboni miezi sita? Maana ukishapitisha miezi sita mfululizo wewe ni mkazi, leseni yako dola 25. Ukiwa mgeni, ile ya kawaida inayoruhusu kulungu ni dola 315. Mnyama yuleyule, msitu uleule, tofauti ni anwani tu. Kisha kuna kozi ya usalama, lazima kwa kila aliyezaliwa kuanzia tarehe 2 Septemba 1971. Nilikaa darasani na mtoto wa miaka kumi akanishinda mtihani.

Haya, leseni ninayo. Naenda kuwinda wapi? Hapo ndipo nilipoona mambo. Texas karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, zaidi ya asilimia 90. Kisheria kulungu ni wa wananchi wa jimbo, kama kwetu tu, lakini geti ni la mwenye shamba. Kwa hiyo watu wanakodi haki ya kuingia kwa msimu mzima, na bei ya rafiki yangu ilikuwa inazidi kodi yangu ya nyumba ya mwezi. Yeye anakodi Llano, mwendo wa karibu saa nne kwa gari kutoka Houston. Mnakaa kwenye kibanda cha mbao kabla ya alfajiri, mbele yenu kuna pipa limesimama kwa miguu mitatu, likifika saa yake linamwaga mahindi lenyewe, kulungu wanakuja kama mbuzi wa nyumbani. Nilipiga mmoja. Sitaki kujisifu, ila babu yenu wa Bahi angenidharau.

Na bado, ukivuka kaunti moja kwenda nyingine idadi unayoruhusiwa inabadilika, na kaunti nyingine lazima upime upana wa pembe kabla hujafyatua. Watu wanasoma kijitabu cha kanuni kama Msahafu.

Binamu yangu yuko Pennsylvania, kule hadithi ni nyingine kabisa. Jimbo lenyewe lina maeneo yake ya kuwindia, zaidi ya ekari milioni 1.4, mtu wa kipato cha chini anaingia na leseni yake bila kukodi kwa mtu. Mpaka mwaka 2018 msimu wa bunduki ulifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu yao ya Shukrani, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo kwa sababu zingefunguliwa asingekuja mtu. Kuanzia 2019 wamehamishia Jumamosi. Binamu anasema yeye maskini wa Pennsylvania anawinda mara nyingi kuliko mimi wa Texas mwenye mshahara mkubwa, na ni kweli.

Mwana wa Nala

Dola 25 na miezi sita! Huku nina miaka 51 ya ukazi.

Mpwapwa Kwetu

Sisi wa milimani tuna ngedere na nguruwe pori. Hao nafasi ya kuwafukuza tunayo usiku na mchana, leseni haiulizwi. Mkihitaji kuja kushiriki, karibuni, chakula cha mchana tutatoa, yaani kama kitabaki.

Mwalimu wa Munguli

Nilifundisha Munguli, Mkalama, kwenye Wahadzabe, miaka minne. Wale Serikali imewaachia wawinde kwa chakula chao, kwa upinde. Mtu wa mjini akisikia hivyo anadhani wamepewa bonge la upendeleo. Ruhusa wanayo, wanyama ndio wanaopungua. Mifugo inasogea kwenye maji, wakulima wanasogea kwenye ardhi, na mnyama akishaona ng'ombe mia mbili kisimani haji.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tano, hodari wa hesabu. Kiangazi anapotea wiki mbili. Nikamuuliza amekwenda wapi, akanitajia bonde fulani. Nikasema ni mbali sana. Akanijibu kwa upole kabisa, kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi, "Mwalimu, zamani haikuwa mbali. Nyama ndiyo imehama." Alirudi na nyani aliyekaushwa, akaniletea kipande. Nilikula. Msiniulize zaidi.

Kisasa Ndogo

Mwalimu umenitisha. Nirudi mjini kidogo. Sisi tusio na silaha wala babu wa Bahi, kanuni za mwaka 2020 zilituruhusia mabucha ya nyamapori. Mimi nimeshanunua hapahapa Dodoma, kilo mbili, nikapewa risiti. Risiti niliikunja vizuri kuliko nyama. Nilipofika nyumbani mama mkwe akauliza nyama gani hii ngumu, nikamwambia swala, akaweka kijiko chini, akasema hebu nionyeshe karatasi kwanza. Ameishi Manyoni, anajua.

Ila ladha niliyoipata ni ya friji. Nadhani anachokitafuta Mwana wa Nala hakiuzwi kwa kilo.

Binti Farkwa

Hakiuzwi. Mwana wa Nala, ukipata leseni usiende na gari la watu wanane na kreti za bia. Tafuta mtu mzima wa kijiji cha palepale, mlipe vizuri, mwache atangulie. Ndiye anayejua maji.

Mzee wa Doria

Huyu binti angekuwa mkufunzi wetu. Nami naongeza: nyama ikipatikana, yule mzee wa kunde asisahaulike.

Mwana wa Nala

Asanteni wakuu. Mrejesho mfupi. Leo nimeanza, nimepita ofisi ya mtaa kuomba barua ya utangulizi kwa ajili ya silaha. Mwenyekiti akavua miwani, akaniuliza bunduki ya nini tena Nala, nimeibiwa? Nikamwambia hapana mzee, nataka kuwinda swala.

Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Hapa Nala swala iliyobaki ni ya Ijumaa."

Halafu akagonga muhuri.