Matokeo ya KCSE yagoma kufunguka

Mama Likoni: Salaam aleikum jamani, kijana wangu kafanya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne, tangu matokeo yatangazwe nang'ang'ana na simu, naingiza namba yake ya mtihani na jina kwenye tovuti yaniambia hakuna rekodi, nifanyeje?

Yakhe wa Majengo: Waleikum salaam mama. Hesabu hiyo namba, yatakiwa tarakimu 11, nane za mwanzo ni za shule na tatu za mwisho ndizo zake, kama ni 007 weka sifuri zote mbili. Na jina liwe vile lilivyosajiliwa KNEC, baraza la mitihani, huko likiwa Mohamed nawe waandika Muhammad haikujui kabisa, wengi wakwama hapo

Bi Kongowea: Na siku ya kwanza nchi nzima iko kwenye tovuti hiyo hiyo, mie ningelala nijaribu saa nane usiku. Ukiona mtu akwambia tuma pesa akubadilishie gredi, huyo mwizi, mbloki

Mama Likoni: Shukran. Nikiipata nichapishe saiba aende nayo chuo?

Yakhe wa Majengo: Hiyo ya kuonea tu mama, karatasi yenyewe apewa shuleni. Akiwa na C+ kwenda juu aangalie digrii, chini ya hapo mpaka C- diploma zipo tele