Makala za rejea za eksirei kwa Kiswahili: tuzipange vipi?

Mwanachuo_Dom:
Wakuu habari za jioni. Nasomea mionzi hapa Dodoma. Mimi na wenzangu tunaandika makala za rejea za eksirei za kawaida kwa ajili ya wapiga picha walioko vituo vya afya. Tuliyonayo ni moja tu, ndefu: inaanza na Röntgen, mgunduzi wa eksirei, inashuka kwenye fizikia ya tyubu inayotoa mionzi, hadi ufike kifua umeshachoka. Tuikate kwa viungo au kwa magonjwa?

Binti_Mkonze:
Kwa magonjwa. Mgonjwa anakuja na kikohozi, haji na "mkao", yaani namna ya kumweka apigwe picha.

Mzee_wa_Kaseti:
Binti, mgonjwa anakuja na kikohozi, lakini fomu inakuja imeandikwa "kifua". Mpiga picha anaanzia kwenye fomu. Kateni kwa kiungo, ndani ya kiungo mkao kwa mkao.

Mtu yuko zamu ya usiku Kibaigwa, kaletewa kijana wa bodaboda, kifundo cha mguu kimevimba. Anataka kujua mguu ukaeje, mwale ulenge wapi, picha ikitoka ionyeshe nini. Basi. Kifundo kina mkao wa mbele, wa ubavu, na ule wa tatu unaosahaulika: mguu unazungushwa kwa ndani nyuzi 15 hadi 20, nafasi inayouzunguka mfupa wa talasi, ule ulio ndani ya kifundo, ionekane wazi. Andikeni kabisa "mguu mzima", maana wengi hugeuza unyayo tu na goti linabaki linatazama juu.

Kifua vilevile: asimame, kifua kiguse kaseti (bamba linalopokea picha), mwale utokee mgongoni, tyubu iwe umbali wa sentimita 180, mabega yasukumwe mbele, avute pumzi aizuie. Hapo hapo ongezeni kwamba aliyelala akapigwa kutokea mbele, moyo wake utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Msilipeleke hilo kwenye makala ya "makosa ya kawaida", hakuna anayeifungua.

Kilovolti na miliampia, yaani vipimo vya nguvu na wingi wa mionzi, zipate makala yao, mweke linki. Ila swali la ujauzito lirudieni kila penye tumbo, nyonga na kiuno, hata kama mhariri atanuna.

Binti_Mkonze:
Shikamoo mzee. Sasa kifua kikuu nitakitafutia wapi?

Mzee_wa_Kaseti:
Marahaba. Kwenye ukurasa wa magonjwa, ambao ni linki tupu: kifua kikuu, nenda kifua. Na kupiga picha msikuchanganye na kuisoma. Kusoma ni makala nyingine, na aiandike daktari wa radiolojia, siyo nyie wala mimi.

Mwanachuo_Dom:
Na Röntgen tumtupe?

Mzee_wa_Kaseti:
Mpeni ukurasa wake wa historia: Würzburg, Novemba 1895, mkono wa mkewe na pete kidoleni, Nobeli ya kwanza ya fizikia 1901. Inapendeza sana, lakini siyo saa nane usiku. Anzeni na kifua, mkimaliza tuma hapa niichambue.