MJADALA: Kumchapa mtoro kunamrudisha shule au kunamfukuza kabisa? Wana Tanga tuseme

Ndugu zangu, nalileta hili kwa wazazi, walimu na nyie mliomaliza shule juzijuzi. Kwenye kikao cha wazazi cha sekondari moja hapa Tanga mjini, ajenda ilikuwa utoro. Baba mmoja akasimama: "Mwalimu, sisi tumeshakukabidhi. Chapa tu, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Makofi ukumbi mzima. Mimi sikupiga, na nataka nieleze kwa nini.

Nidhamu siipingi. Darasa lililofurika watoto na mwalimu mmoja halijiendeshi, na anayewalaumu walimu bila kuliona hilo anawaonea. Ninachopinga ni kumchapa mtoto kwa kosa la kutokuwepo shule.

Tazameni inavyokwenda. Kijana wa kidato cha pili anaamkia pwani ya Sahare kusaidia kushusha samaki, maana mama yake ni mchuuzi na siku boti zikirudi na kitu ndiyo siku ya kula. Akifika shule, namba, ile ya kuhesabiwa asubuhi, imeshapita na mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo. Anachapwa. Siku nyingine akichelewa, anaiona foleni ya wanaochapwa tokea mbali, anageuza. Sasa ana makosa mawili, kuchelewa na kutoroka. Kesho akienda atalipia yote mawili, kwa hiyo haendi. Wiki ikikatika, deni limeshakuwa kubwa kuliko mgongo wake.

Nilimuuliza mmoja wa vijana hawa kwa nini harudi. Hakutaja ugumu wa masomo. Alisema, "Nikirudi naanzia mstarini." Yaani achapwe mbele ya shule nzima, wenzake wa darasani wakimtazama. Siku 90 zikitimia jina linafutwa, anaandikwa mtoro. Kwamba aliogopa fimbo, hakuna anayeandika.

Na hapo ndipo panaponiuma. Tangu 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 ukawaruhusu waliokatisha masomo warudi, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Serikali inawaita, halafu sisi tunawasubiri getini na bakora!

Wazazi wengi hatuzijui hata kanuni zenyewe. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002, Tangazo la Serikali Na. 294, zinasema viboko visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda kama shule haina. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Na adhabu yenyewe ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kuchelewa namba ni kosa kubwa? Mchango ambao mzazi hajatoa, je?

Najua nitaambiwa, "Sisi tulichapwa na tukawa watu." Wanaosema hivyo ni waliobaki mpaka mwisho. Wale wa darasa letu walioishia njiani hatuwaulizi, na wengi hata majina tumeshayasahau. Wengine watasema fimbo ndiyo malezi yetu ya Kiafrika. Jamani, sisi wa Tanga, mji uliowekewa shule ya serikali na Mjerumani mapema kabisa, tusiyasahau na yale mambo yake ya hamsa wa ishirini, viboko ishirini na tano kwa mkupuo. Si kila kiboko tulirithi kwa babu.

Wenzetu wa Kenya, hapo tu ukivuka Horohoro, walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Sisemi shule zao zimetulia. Migomo na mabweni kuchomwa moto tumeyasikia, kwa hiyo kuondoa fimbo bila kuweka kitu mahali pake si dawa.

Pendekezo langu ni dogo. Kuchelewa na utoro vitoke kabisa kwenye orodha ya viboko. Aliyechelewa aingie darasani kwanza, maelezo atatoa baada ya vipindi. Asiyeonekana siku ya pili, mwalimu wa darasa apige simu nyumbani, na simu isipopokelewa apewe taarifa mtendaji wa mtaa wiki hiyohiyo, si baada ya miezi. Mtoto wa mchuuzi wa samaki shule ikae na mama yake wapange ratiba, maana bahari haitabadilisha saa zake. Najua simu ni gharama, na mwalimu asiachiwe aitoe mfukoni. Michango tunayotoa kwa mengine itoshe na hilo.

Walimu, nawaomba mjibu kwa uzoefu wenu: yupo mtoro mliyemchapa akaacha utoro, na alikuwa wa aina gani? Wazazi, kuna aliyewahi kuomba kile kitabu cha adhabu akaonyeshwa? Na wewe uliyeacha shule, tuambie ni siku gani uliamua hurudi tena, na kilitokea nini.